Tulivyomsindikiza Okot Hadi Busia Juu ya Mafenesi

Ndugu zangu, mliponiuliza mwaka ule tulikuwa wapi, niliwajibu kwamba tulikwenda harusini Mbale, na kwamba mbuzi waliochinjwa walikuwa wengi kuliko waalikwa. Hakukuwa na harusi. Mbuzi sikumwona hata mkia. Mlipomuuliza mama yangu, Bi Zuhura, yeye aliwajibu, "Nilikwenda kumsindikiza mwanangu." Mkanitazama mimi niliyesimama kando yake mzima wa afya, mkadhani uzee umemfikia. Haukumfikia. Mama hasemi uongo, na hiyo ndiyo habari yenyewe. Sasa waliokuwa wakituuliza maswali barabarani wameondoka, basi naiandika.

Kibuli, kabla lori halijawaka

Okot mnamkumbuka: yule mrefu wa bendi ya polisi, mpiga tarumbeta, mtoto wa konstebo Mwacholi wa kambi ya Naguru. Tulizaliwa naye juma moja. Wakati huo mama alikuwa akiuza vitumbua langoni mwa kambi, na mke wa konstebo alikuwa mteja wake na shoga yake. Yule mama alipojifungua alishikwa na homa, maziwa yakakauka. Mama yangu akamfunga mtoto mgongoni, akapanda naye kilimani kwetu Kibuli, akamnyonyesha pamoja nami miezi na miezi. Katika dini yetu, mtoto uliyemnyonyesha hivyo ni mwanao, na watoto wako ni ndugu zake. Hiyo pia ndiyo sababu yeye ana kimo cha mnara na mimi nina kimo cha kabati la vyombo. Maziwa yote alikunywa yeye.

Alipokuwa kijana alimpenda dada yangu Sauda. Akaja kwetu kuposa, amevaa suruali iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kukata mkate. Mama alimfukuza na mwiko kutoka uani hadi barabarani.

"Huyo ni dada yako, mjinga wewe!"

"Lakini Mama," Okot alilia huku akikimbia, "dini si yangu, inanizuiaje?"

"Ziwa ni langu!" Mama alimjibu, na mtaa mzima ukacheka mpaka kuku wakaacha kutaga.

Basi ikaja ile miaka ya utawala wa bunduki, Waacholi wakageuzwa maadui. Kule kambini wakaanza kuwaita Waacholi asubuhi, jina moja moja, na aliyeitika hakurudi hata kuchukua kofia yake. Alfajiri moja Okot alitokea mlangoni kwetu bila sare na bila tarumbeta. Mfukoni alikuwa na kile kipande kidogo cha shaba cha kutilia mdomo, basi. Alimwambia mama, "Jana wamemwita mpiga ngoma. Anayefuata kwenye mstari ni mimi."

Mama alimpa chai ya rangi. Kisha akaniambia, "Hamisi, tafuta gari la kwenda mpakani. Tunampeleka Kenya."

Mimi, mwenye cheti changu cha madarasa ya usiku, nilipanga mambo kama waziri. Okot atavaa kanzu yangu na kofia yangu. Ataitwa Musa, kaka yangu, na sote tunakwenda harusini. Nilimwendea hata mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, akaninong'oneza kwamba uongo wa kuokoa roho ya mtu hauna dhambi. Nikarudi nyumbani kifua mbele.

"Mwalimu amesema kweli," Mama alisema. "Anayeweza, na aseme. Mimi siwezi. Tangu utoto wangu sijaujaribu, na si leo nitakapojifunza, juu ya roho ya mwanangu. Mimi nitanyamaza. Nikiulizwa, nitajibu."

"Utajibu nini, Mama?"

"Nitakachoulizwa."

Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye ndala.

Mabira, juu ya mafenesi

Lori lilikuwa la Kaddu, Muganda mwenye meno mawili na ujasiri wa simba saba, aliyekuwa akipeleka mafenesi Busia. Mama alikaa mbele na tasbihi yake. Mimi na Okot tulikaa nyuma juu ya mzigo. Asiyewahi kukalia mafenesi asiniambie habari za taabu. Kila fenesi ni nungunungu aliyekunja miguu, na lori likiingia shimoni anakukumbusha kwamba bado yupo.

Kanzu yangu ilimfika Okot chini kidogo ya magoti. Alionekana kama mtu aliyekua ghafla akiwa njiani. Ndani ya msitu wa Mabira gurudumu lilipasuka, tukashuka, na Kaddu alipokuwa akihangaika na jeki niliamua kutumia nafasi hiyo kumfundisha Okot Alhamdu. Nilishangaa. Aliimaliza yote, kwa sauti nzuri kuliko yangu, na vituo vyake vyote. Alikuwa ameisikia utotoni mwetu akiwa amelala mkekani pembeni, naye sikio lake ni la bendi, kinachoingia hakitoki.

"Umeokoka!" nilimwambia. "Askari wakikuuliza, soma hivyo hivyo."

Mama alikuwa amesimama nyuma yetu. "Umemuuliza kama anaamini anachokisoma?"

"Mama, si wakati wa..."

"Sala si kofia, Hamisi, umvike mtu asitambulikane." Kisha akamgeukia Okot, akamfuta utomvu wa fenesi shavuni kwa ncha ya kanga yake. "Ukitaka kumwendea Mungu siku moja, nenda kwa miguu yako. Usiende kujificha kwake kama mwizi chini ya kitanda."

Okot alicheka. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu alfajiri ile. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikiona nimepewa abiria wawili wa kuokoa, na mmoja wao hataki kusaidia.

Daraja la Jinja

Darajani palikuwa na kizuizi na foleni ndefu kama deni la serikali. Askari mmoja alikwenda kwa Kaddu mbele, mwingine akaja kwetu nyuma.

"Nyinyi nakwenda wapi?" aliuliza kwa Kiswahili cha kambini.

"Harusini, afande!" nilisema, nikiwa tayari nimeanza kutabasamu kama bwana harusi. "Mbale. Binti wa mjomba. Pilau, matarumbeta..."

Niliposema matarumbeta Okot alinikanyaga mguu. Wakati huo huo nikamsikia Kaddu, kule mbele, akimwambia askari wa pili kwa sauti ya huzuni, "Matanga, ssebo. Hii familia nafiwa. Mimi nawasaidia tu." Banange! Tulikuwa tumesahau kupatana juu ya uongo mmoja.

Askari wawili wakakutana ubavuni mwa lori, wakatazamana.

"Huyu nasema harusi."

"Yule nasema maiti."

"Sasa nyinyi naoza maiti?"

Jasho lilinitoka kiasi cha kuongeza maji ya Nile. Nikafungua mdomo, na namshukuru Mungu kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwangu hakikutoka kitu. Aliyetuokoa ni fenesi. Moja lilikuwa limepasuka, na harufu yake ilikuwa imemfikia askari mdogo, aliyekuwa amelisogelea kwa macho. Okot akalichukua kimya kimya akalipasua kwa mikono yake mirefu, akampa. Wakala. Mikono ikawaganda kwa utomvu, bunduki zikawa hazishikiki, wakaanza kugombana nani ana mafuta ya kujifutia, na mkubwa wao akatupungia tupite, tuende na maiti wetu wa kuolewa.

Ng'ambo ya daraja Kaddu alisimamisha lori ili sote tupumue. Mama aliteremsha kioo akatuambia neno moja tu: "Njia ya mwongo ni fupi." Kisha akatugawia vitumbua. Vilikuwa vitumbua vya zama zile, ambapo sukari ilitajwa tu karibu na unga ukaambiwa ujitahidi. Sijapata kula kitu kitamu zaidi.

Iganga, mlinzi wa viatu

Adhuhuri ilitukuta Iganga. Karibu na msikiti mdogo palikuwa na mama wa Kisoga mwenye banda la chakula. Tulipoagiza matoke na maharage, mwadhini akaadhini. Wanaume wote waliovaa kanzu wakainuka. Okot naye alikuwa kwenye kanzu. Akabaki ameinuka nusu, magoti yamekunjwa, hajui kama anakwenda au anakaa.

"Mama," aliuliza chini chini, "nikisali kwa kuogopa watu, Mungu atanichukia?"

"Mungu hachukii mgeni," Mama alisema. "Lakini leo kaa nje. Utulindie viatu."

Basi akakaa kibarazani mwa msikiti, kanzu magotini, amezungukwa na ndala na makobazi ya Iganga nzima, akavipanga viatu jozi jozi kwa mstari kama bendi inayosubiri kuanza. Tulipotoka kulikuwa na mzee mmoja aliyemkazia macho.

"Kijana huyu mbona hasali?"

Nilikuwa na majibu kama ishirini tayari. Mama akanitangulia. "Nimemwambia alinde viatu."

Mzee akatazama viatu vyake vilivyopangwa vizuri, vidole mbele, akasema, "Allah amjaze kheri. Mwezi uliopita niliibiwa vyangu," akaenda zake. Yule mama wa Kisoga, aliyekuwa ameona yote na kuelewa labda zaidi ya alivyosema, alimwongezea Okot kijiko kikubwa cha maharage. Alimwambia Mama tu, "Nnyabo, huyu mtoto wako mrefu, mlisheni. Anakwenda mbali."

Hatukuwa tumemwambia tunakokwenda.

Kizuizi cha mwisho

Baada ya Bugiri barabara ilitulia mpaka nikaanza kuimba. Laiti nisingeimba. Tulipokata kona, lilikuwapo gogo katikati ya njia na askari chini ya turubai. Mkubwa wao alikuwa sajini mwenye mwili, tasbihi imefungwa kwenye kifundo cha mkono ule ule ulioshika bunduki. Huyo hakutaka fenesi.

"Wote chini!"

Tukashuka. Akatupapasa mmoja mmoja. Mfukoni mwa kanzu aliyovaa Okot akakuta kile kipande cha shaba.

"Hii kitu nini?"

"Funeli, afande," nilisema haraka. "Ya kutilia mafuta ya taa. Kwenye kibatari."

Sajini alikigeuza, akakitazama, akakitia mdomoni akapuliza. Kikalia kama bata aliyekanyagwa.

"Kibatari yako naimba," alisema. Hakucheka. "Hii ya bendi. Mimi nimekaa kambi miaka mingi, najua. Wewe mfupi, naongopa. Nyamaza sasa. Kama nafungua mdomo tena, utaona."

Nikanyamaza. Okot alikuwa ametazama mbele, mikono ubavuni, kama siku za gwaride. Sajini akamwacha, akaenda mpaka kwa Mama, akasimama mbele yake.

"Mama, wewe naswali?"

"Naswali."

"Sasa mimi nauliza wewe, si huyu mwongo. Huyu mrefu ni nani yako?"

"Mwanangu."

"Sema wallahi."

"Wallahi ni mwanangu."

Niliachia pumzi. Nikasema moyoni, amejifunza! Uzeeni, lakini amejifunza!

"Umezaa yeye?"

"Hapana," Mama alisema. "Nilimnyonyesha. Aliyemzaa ni Mwacholi, na baba yake pia. Huyu hapa ndiye niliyemzaa." Akaninyooshea kidole mimi.

Ndugu zangu, ndege waliacha kuruka. Kaddu alikaa chini barabarani bila kuamua. Mimi nilimchukia mama yangu kwa muda wa pumzi moja. Ni kweli, namwomba Mungu anisamehe, Mama nimeshamwomba. Nilimwona Okot akifumba macho.

Sajini alikuwa akizungusha ile tasbihi kwa kidole gumba.

"Alishiba?" aliuliza mwishowe.

Mimi sikuelewa. Mama alielewa. Sajini huyu alikuwa amekaa chuoni mbele ya mwalimu, kabla ya bunduki. Alijua kwamba tone la maziwa halifanyi mtoto kuwa wako.

"Alishiba," Mama alisema. "Kila siku. Alikuwa akishiba mpaka analala na ziwa mdomoni, na huyu wangu analia njaa pembeni. Watazame vimo vyao."

Sajini akamtazama Okot kutoka chini mpaka juu, halafu akanitazama mimi, safari fupi zaidi. Kitu kikatingishika kwenye shavu lake.

"Wewe una binti?"

"Ninaye. Sauda."

"Huyu naweza kuoa yeye?"

"Hawezi! Ni dada yake. Alikuja kumposa, nikamfukuza na mwiko."

Sajini akamgeukia Okot. "Kweli?"

"Kweli, afande," Okot alisema, na sauti yake ilikuwa imepasuka. "Mpaka barabarani. Nilipoteza kiatu kimoja."

Hapo yule bwana alicheka. Alicheka mpaka akaegemea turubai, na askari wake wakacheka kwa sababu mkubwa anacheka, na mimi nikajikuta nacheka na kulia kwa jicho moja moja. Kisha akaacha ghafla, kama mtu aliyekumbuka alipo. Akamrudishia Okot kile kipande cha shaba, akamfunga vidole juu yake.

"Mimi hapa sioni Mwacholi," aliwaambia askari wake, si sisi. "Naona mama na watoto yake. Toa gogo."

Tulipokuwa tunapanda, alikuja dirishani kwa Mama. Sauti yake ilikuwa chini sana.

"Mama. Niombee dua. Mimi... iko mambo mengi."

Mama alimuuliza jina lake na jina la mama yake. Akayasema. Mama akampa mkono, na yule sajini akauinamia kama wanavyofanya watoto wetu wa Kibuli wanaporudi kutoka chuoni.

Busia

Mpakani, zile baiskeli za kuvusha watu zilikuwa zimejaa kama nzige. Tulichagua kijana mwenye miguu minene. Okot alipokaa kwenye kiti cha nyuma miguu yake ilifika chini, ikabidi aikunje kama panzi. Mama alimpa vitumbua vilivyobaki kwenye kitambaa. Kisha akaivuta ile kanzu chini, aivute ifike vifundoni, kana kwamba ingefika.

"Hamisi," Okot aliniambia, "kanzu yako nitairudisha."

"Kaa nayo. Ifue."

Tuliwatazama mpaka wakachanganyika na wanawake wa sokoni upande wa pili. Baada ya hapo hatukuona kitu. Mama hakuondoka. Kaddu alipiga honi, Mama hakuondoka. Ndipo kutoka Kenya, juu ya kelele zote za soko, tukasikia bata aliyekanyagwa. Mara moja, kisha tena, kwa mlio mrefu.

Mama alifunika uso kwa kanga. "Amefika," alisema. "Amefika huyo."

Kurudi, na baadaye

Kurudi tulikaa wote mbele, mafenesi yameshauzwa. Niliudhika njia nzima kwa sababu tangu Bugiri Mama alikuwa akisoma dua, na jina nililosikia ndani yake halikuwa langu wala la Okot. Lilikuwa la yule sajini.

"Mama, yule ni mmoja wao! Ungenyamaza tu. Ungesema umemzaa, basi. Ungetuua."

"Ningeweza kuwaua," alikubali, na nikaona mikono yake ikitetemeka juu ya tasbihi. Ilikuwa ikitetemeka muda wote huo, mimi nikidhani ni lori. "Lakini ningemdanganya, angetuachia bila kujua alichoachia. Ningemnyima. Mtu yule alikuwa na njaa ya kufanya jambo jema, Hamisi. Wewe hukuiona?"

Sikuiona. Niliona bunduki. Mpaka leo sijui kama Mama aliiona kweli au aliamini tu kwamba ipo, na kama kuna tofauti.

Okot amerudi, mmemwona. Amekuja na mke Mjaluo na ile kanzu, imefuliwa. Amerudi majuma machache baada ya redio kutangaza kwamba wale wakubwa wa serikali wamekimbia, wakati askari wao nao walikuwa wakivua sare vichakani na kuwindwa barabara zile zile. Jioni ile alipofika, Mama alimlisha mpaka akashindwa kuinuka. Kisha Mama akasimama, sahani mkononi.

"Sasa yule mtoto wa Bugiri," alisema, "ndiye anayekimbia leo. Na atafika kwenye gogo, na ataulizwa yeye ni wa nani. Sijui kama yuko mwanamke wa kumwapia."

Okot alitoa kile kipande cha shaba mfukoni, akakizungusha kwa kidole gumba, kama sajini na tasbihi yake.

"Kama ningemjua mapema," Mama alisema, "alipokuwa mchanga..."

"Mama," nilimwambia, "ungemnyonyesha na huyo, mimi leo ningekuwa na kimo cha kikombe."

Akanipiga begani na kanga. Kisha akanyanyua mikono kuomba dua, na safari hii, alipolitaja lile jina, nami niliitikia amin.